Wakuu wa ugavi: mteja kaongeza oda mara moja tu, kwa nini darasa zima limezama?

#1 Mwalimu_wa_Stoo

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha ununuzi na ugavi kwenye chuo kimoja hapa Dar, stashahada mwaka wa pili. Wiki iliyopita nilisogeza meza nikawachezesha wanafunzi ule mchezo ambao ulikotoka unaitwa mchezo wa bia. Mimi niliufanya wa soda. Nina vijana wengi ambao kwao bia si kitu cha kuletwa mezani, na kreti ya soda hakuna asiyeijua.

Kwa wasioufahamu: mnyororo una watu wanne. Duka la Mangi, muuza jumla, msambazaji, kiwanda. Mteja anachukua soda kwa Mangi, Mangi anaagiza kwa wa jumla, wa jumla kwa msambazaji, msambazaji kwa kiwanda. Kuongea marufuku. Kinachopita ni kikaratasi cha oda tu. Oda inachukua wiki mbili kupanda, mzigo wiki mbili kushuka. Kila mmoja anaanza na kreti 12. Kreti ikilala stoo wiki moja unatozwa nusu dola, na mteja akikosa unatozwa dola 1 kwa kila kreti unayodaiwa, kila wiki, mpaka umpe. Nikaweka shilingi 500 na 1,000. Kreti zenyewe ni vifuniko vya chupa, nilivikusanya mwezi mzima kwa mama anayeuza soda getini.

Mteja wangu alichukua kreti 4 kila wiki hadi wiki ya nne. Wiki ya tano akachukua 8. Baada ya hapo akabaki na 8 hadi mwisho, hakubadilika tena.

Nilikuwa na makundi tisa. Yote yalizama. Kundi moja kiwanda kilipokea oda ya kreti 60 kwa wiki moja, na wiki chache baadaye oda zikawa sifuri, sifuri, sifuri, huku vifuniko vimejaa meza hadi vinaanguka chini. Tulipomaliza nikawaambia kila mtu achore anavyodhani mteja alikuwa anataka. Karibu wote wakachora milima na mabonde. Nilipowaonyesha karatasi ya mteja, 4 halafu 8 basi, darasa lilinyamaza. Kisha wakaanza kulaumiana.

Maelezo ya vitabuni ninayo. Nataka kuwasikia mlio kazini. Kwa nini inatokea? Na je, Kariakoo ndivyo ilivyo, au nawafundisha watoto wa watu kitu ambacho hawatakutana nacho?

#2 Kijana_wa_Tegeta

Nimeweka kiti hapa. Uzi wa maana.

#3 DalaliKkoo

Mwalimu, jibu ni moja: tamaa. Mfanyabiashara akiona mteja kaongezeka anataka faida yote iwe yake. Na huo mchezo aliyeutunga ni yule Sterman wa Marekani, alikuwa anataka kuonyesha hilo hilo.

#4 Mpima_Mzigo

DalaliKkoo hapo umeteleza mara mbili, kaka.

Kwanza, mchezo ulitoka kwa Jay Forrester na wenzake pale chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. John Sterman alikuja baadaye, akachukua matokeo ya watu waliocheza, akayachambua na kuandika mwaka 1989. Aliona gharama za makundi ni kama mara kumi ya zile ambazo zingepatikana kwa kuagiza kwa utulivu. Kumi, si mbili.

Pili, kwenye mchezo huu hakuna faida. Soma tena #1. Hakuna bei ya kuuzia, kuna gharama ya kulaza mzigo na gharama ya kumkosesha mteja tu. Sasa tamaa itoke wapi?

Alichokiona Sterman ni kwamba watu wanasahau mzigo ulio njiani. Chukua kalamu ufuate. Mangi ana kreti 12. Kila wiki zinaingia 4 alizoagiza zamani. Wiki ya tano mteja anachukua 8, zinabaki 8. Wiki ya sita zinabaki 4. Ya saba, sifuri. Ya nane anadaiwa 4. Hata kama wiki ya tano aliagiza 8, zile 8 zitaingia wiki ya tisa. Kwa hiyo pengo lake lote, arudi kwenye kreti 12 zake, ni 16. Anatakiwa aziagize mara moja, juu ya zile 8 za kila wiki, halafu atulie.

Hatulii. Wiki ya sita anaona stoo inapungua, anaagiza pengo. Ya saba anaona bado, anaagiza pengo lile lile tena. Ya nane vilevile. Pengo moja limeagizwa mara tatu, na wa jumla anadhani mtaa mzima umehamia kwenye soda. Hakuna mtu mbaya hapo. Kuna mtu asiyeandika alichokwisha kuagiza.

#5 BintiMsambazaji

Nilicheza huu mchezo miaka mitatu iliyopita, chuo kingine. Nilikuwa msambazaji, ndiyo jina langu hapa.

Mpima_Mzigo, mimi nilikuwa naandika. Niliandika kila oda niliyopeleka kiwandani. Wiki ya kwanza nikawa na imani, wiki ya pili nikawa na imani, ya tatu nikaona kiwanda kinanipa nusu ya nilichoomba. Hapo daftari likawa halina kazi, maana sikujua kama zile zilizobaki zitakuja au zimesahaulika. Nyuma yangu wa jumla anazidi kudai. Nikaongeza. Ningeongeza tena leo.

Ninachokumbuka kuliko vyote ni hasira. Tulikaa tumegeuziana migongo, na wa jumla alikuwa rafiki yangu wa hosteli. Kwa wiki kumi za mchezo nilimwona kama mtu aliyechanganyikiwa: leo anaomba 30, kesho hataki hata moja. Mwalimu alipofunua karatasi ya mteja nikageuka nikamtazama, naye ananitazama. Alikuwa anawaza hivyo hivyo juu yangu, kwa nini simpi mzigo.

#6 FundiStoo

Tatizo ni giza. Mnyororo mzima unaona kikaratasi, hauoni mteja. Wape wote namba za mauzo ya dukani uone kama watayumba.

Ndiyo ile habari ya nepi za Pampers. Kampuni ya Procter & Gamble iliona mauzo madukani hayapandi wala kushuka sana, maana mtoto ni mtoto, nepi zake kwa siku zinajulikana. Lakini oda za wasambazaji zilikuwa zinaruka, na oda zao wenyewe kwa wauza malighafi zinaruka zaidi. Ndiyo maana wanaiita athari ya mjeledi: ukishika mjeledi, mkono unatikisika kidogo, ncha ndiyo inayopiga kelele. Hau Lee wa chuo cha Stanford na wenzake wawili waliandika mwaka 1997 wakataja vyanzo vinne: kila mtu kukisia mahitaji kwa kuangalia oda za aliye chini yake, kuagiza kwa mafungu makubwa, bei kupanda na kushuka, na watu kuomba zaidi ya wanachohitaji wakati bidhaa ni adimu. Hakuna hata kimoja kinachosema watu ni wajinga. Mtu mwenye akili timamu akiwekwa gizani atafanya hivyo.

#7 Mpima_Mzigo

FundiStoo, nakubali vile vinne vipo. Ila giza peke yake halitoshi. Watafiti Croson na Donohue walichezesha watu mchezo huu huku wamewaambia mapema mahitaji ya mteja yatacheza ndani ya mipaka gani. Taarifa yao ilitoka mwaka 2006. Mjeledi ulibaki. Walipowaonyesha pia stoo za wenzao ulipungua, haukuisha. Kwa hiyo washa taa zote, bado kuna kitu kwenye kichwa cha mtu.

#8 FundiStoo

Kupungua ndiyo kunanitosha mimi niliye stoo, mkuu. Sitafuti malaika.

#9 Mama_Kreti

Nimesoma wote. Nina duka la jumla la soda na maji Tandika, mwaka wa kumi na moja huu. Mwalimu, mchezo wako umesahau chupa tupu.

Soda ya chupa ya kioo Mangi hawezi kuamka akaniagiza kreti 60. Atazichukulia wapi tupu? Kwangu analeta kreti tupu, anaondoka na iliyojaa. Hana tupu, anaweka amana ya chupa na kreti, na amana hiyo Mangi anaiuma meno kabla hajaitoa. Mimi nami nikienda juu ni hivyo hivyo, gari linakuja kushusha na linahesabu tupu kwanza. Nikiwa nazo 40 napewa 40. Ningekuwa na hofu ya namna gani, siwezi kuagiza hofu yangu.

Kwa hiyo huo mlima wanaochora watoto, mimi kwenye chupa ya kioo sijawahi kuuona. Ninachoona ni kingine: msimu wa joto, Desemba hadi Februari, tupu zinapotea mtaani. Watu wanabeba soda nyumbani hawarudishi. Oda yangu inashuka wakati kiu imepanda. Hilo kitabu chako kinalo?

#10 Kijana_wa_Tegeta

Mama Kreti hapo nimejifunza kitu. Asante mama.

#11 MzigoWaGuangzhou

Mama, heshima yako. Lakini chupa za plastiki hazina tupu, na mzigo wa China hauna tupu. Huko mjeledi uko palepale.

Mimi ni mabegi ya shule. Mwaka mmoja Januari shule zinafunguliwa, mabegi yaliisha kwangu tarehe nane. Watu wanakuja na pesa mkononi nawarudisha. Kila duka mtaa wetu Kariakoo vilevile. Nikatuma oda, nikaunganisha pesa na ya ndugu yangu ili kontena lijae, kwa sababu nusu kontena gharama yake inaumiza. Kiwanda kule kikasema subiri zamu, sikukuu yao ya mwaka mpya inakuja, wafanyakazi wanarudi kwao. Kisha meli, kisha bandari. Mzigo ulifika dukani Aprili inakaribia kuisha. Na haukufika wangu peke yake. Wote tuliorudisha wateja Januari tulikuwa tumeagiza, kila mtu kimya kimya. Begi nililonunua ili niuze 25,000 nilikuja kuliuza 12,000 nipate pesa ya kodi ya fremu.

Sikusahau mzigo ulio njiani, Mpima_Mzigo. Wangu niliujua kwa namba ya kontena. Wa jirani ndiyo sikuujua.

#12 Mpima_Mzigo

Hii imenigusa. Na ni kweli, mchezo una duka moja tu. Ushindani haumo. Pole kwa hasara, mkuu.

#13 Nesi_wa_Stoo

Naongeza upande wa dawa. Nilifanya kazi kituo cha afya nje kidogo ya jiji, stoo ya dawa ilikuwa mikononi mwangu. Enzi hizo oda ilikuwa kila miezi mitatu, unajaza fomu: ulianza na ngapi, ulipokea ngapi, ulitumia ngapi, unaomba ngapi.

Mara ya kwanza niliomba kwa hesabu safi. Tuseme makopo 100 ya amoxicillin, nikaletewa 30. Miezi mitatu yote nilikuwa naandikia wagonjwa wakanunue nje, na wengine nilijua hawatanunua. Mara ya pili aliyenitangulia akaniambia, dada, omba 300 upate 100. Niliomba 300. Niliandika matumizi ambayo hayakuwepo ili fomu ikubali. Naomba msinihukumu upesi, kulikuwa na mama na mtoto mbele yangu.

Ikatokea mara moja bohari ikawa na mzigo wa kutosha, zikaja 300 zote. Makopo mengine yaliisha muda wake kwenye rafu yangu, huku najua kuna zahanati jirani hazina kabisa.

Kwa hiyo Mwalimu, ukiwafundisha, wafundishe kwamba namba ya uongo kwenye fomu mara nyingi inaandikwa na mtu anayempenda mgonjwa wake.

#14 FundiStoo

Nesi, hicho ndicho chanzo cha nne cha akina Lee, nilikitaja #6 bila kujua uzito wake. Dawa yake waliyopendekeza: bidhaa zikiwa adimu, gawa kwa kuangalia matumizi ya nyuma, usigawe kwa kuangalia ukubwa wa ombi. Ombi kubwa likikosa faida, watu wataacha kuliandika.

#15 Nesi_wa_Stoo

Matumizi ya nyuma ni ya fomu ipi? Ile niliyoandika mimi? Na kituo kilichokaa bila dawa miezi mitatu matumizi yake ni sifuri. Utakigawia sifuri?

#16 DalaliKkoo

Nimerudi. Nimekubali kuhusu faida, Mpima_Mzigo, umenipata pale. Lakini bado nasema mchezo si Kariakoo. Kariakoo tuna mdomo. Hakuna anayekaa kimya na kikaratasi. Kijana wa duka anapiga simu maduka matano kabla hajaagiza, anajua nani kashusha kontena, nani anashusha kesho. Na kuna mali kauli: nakupa mzigo kwa neno lako, ukiuza unaniletea. Mzigo wangu uko kwenye fremu yako, kwa hiyo lazima nijue unauzaje. Mnyororo wa mali kauli una macho.

#17 MzigoWaGuangzhou

Dalali, mdomo huo ndio ulioniponza. Nilipiga simu kwa wote Januari ile. Wote waliniambia mabegi yameisha. Hakuna aliyeniambia kwamba naye ameagiza. Ungeniambia wewe?

#18 DalaliKkoo

Nisingekwambia.

#19 Pampu_Namba_3

Bei pia msiisahau. Nilikuwa msimamizi wa kituo cha mafuta. EWURA, wadhibiti wa nishati, wanatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Soko la dunia linasomeka mapema, kila mtu kwenye biashara anahisi Jumatano bei itaelekea wapi. Ikielekea juu, tajiri anataka matangi yajae siku mbili kabla. Ikielekea chini, anataka matangi yabaki na kidogo kabisa, na mimi nakesha kuomba yasikauke. Magari barabarani yanatumia mafuta yale yale kila siku. Ukitazama oda zetu ungedhani Dar es Salaam inahama na kurudi kila mwezi.

#20 Kijana_wa_Tegeta

Na sukari ile ya mwanzoni mwa 2024? Mvua za El Niño ziliharibu uzalishaji viwandani, halafu Ramadhani ikawa inakaribia. Nyumbani mama alizoea kununua kilo mbili, akawa kila akiikuta ananunua tano. Jirani zetu vilevile. Mteja wa Mwalimu ni mpole mno, 4 halafu 8 halafu ametulia. Mteja wa kweli akiona rafu tupu naye anageuka ghala.

#21 Mwalimu_wa_Stoo

Nimesoma kila neno, wengine mara mbili. Ya Nesi nitaisoma darasani akiniruhusu.

Kijana wa Tegeta, upole wa mteja ni wa makusudi. Kama mteja angeyumba, wanafunzi wangemtupia yeye lawama zote na kwenda nyumbani wametulia. Kwa kuwa hakuyumba, wanabaki wakitazamana wao kwa wao. Mpima_Mzigo, mimi nilikuwa upande wako, ila BintiMsambazaji amenitikisa: daftari lina maana pale tu unapomwamini aliye juu yako. Dalali, jibu lako #18 ndilo jibu la kweli kuliko yote humu na nakushukuru kwa kulisema.

Sasa nina wazo. Jumatatu nachezesha darasa la jioni. Makundi matatu nitayachezesha kawaida. Matatu yatacheza kwa sheria ya Mama Kreti: oda haipandi bila kifuniko kilichogeuzwa, yaani tupu. Nitawaambia tunacheza wiki 50 kisha nikate wiki ya 36, maana wakijua mwisho wanaanza kumaliza stoo mapema.

#22 Mpima_Mzigo

Tunasubiri majibu. Usipotelee kusikojulikana kama wenye nyuzi wengine.

#23 Mwalimu_wa_Stoo

Wakuu, nimerudi. Makundi ya kawaida: milima na mabonde, hakuna jipya.

Makundi ya tupu ndiyo yamenikosesha usingizi. Mama Kreti ulisema kweli, mlima haukutokea. Oda zilikaa sawa kama meza, kiwanda hakikuwahi kujaza stoo. Nikataka kushangilia. Halafu nikatazama deni la Mangi: linazidi kupanda hadi tunakata, makundi yote matatu. Mteja alikosa soda hadi mwisho. Vijana wangu wakasema, mwalimu, sisi hatukukosea popote, mbona tumefilisika? Sikuwa na jibu la haraka.

#24 Mpima_Mzigo

Ulimpa Mangi tupu ngapi?

#25 Mwalimu_wa_Stoo

Kreti 20 jumla, tupu na zilizojaa.

#26 Mpima_Mzigo

Basi ndiyo hapo. Kreti ikiondoka tupu inarudi imejaa baada ya wiki nne. Kreti 20 kwa wiki nne ni 5 kwa wiki, hata Mangi asipolaza hata moja. Mteja anataka 8. Alihitaji kreti 32 ndipo atoshe, bila akiba yoyote. Alikuwa amefungwa kabla hajaanza.

#27 Mama_Kreti

Mangi wangu mzuri ana kreti kumi na tano na anauza kuliko huyo wenu. Wiki nne? Kwangu analeta tupu asubuhi, anaondoka na mzigo asubuhi hiyo hiyo kwenye guta. Gari langu linakuja mara mbili kwa wiki. Mwalimu hizo wiki nne umezitoa wapi?

#28 Mwalimu_wa_Stoo

Ziko kwenye mchezo tangu ulipotungwa, mama. Sijawahi kuziuliza.

#29 MzigoWaGuangzhou

Mimi ningezishukuru. Zangu zilikuwa kumi na tano.

#30 Mama_Kreti

Njoo Tandika Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla gari halijafika. Uone tupu zinavyopangwa na nani anakosa. Lete na hao watoto wawili watatu, wasije wote, sina nafasi.

#31 Mwalimu_wa_Stoo

Nakuja na wanne, mmoja wa kila kituo.

#32 BintiMsambazaji

Naomba niwe wa tano.